Kikoi cha Ami Abdulhadi

Kibokoni, Mombasa
9 Machi 1996

Kwa Badria, binti ya ndugu yangu, uliye katika nchi ya baridi na viazi,

Pokea salamu nyingi kama mbu wa mtaa huu. Huku wazima tu wazima, wa kuumwa twaumwa, na wa kulalamika ni mimi peke yangu, maana wengine wamenikabidhi kazi hiyo. Ma Noor yuwakusalimu. Paka wa msikitini amezaa tena, baba hajulikani, na barazani watu watazamana kwa jicho la shaka. Zein wa duka la viungo ametia meno mapya. Siku hizi yuwacheka kwa mpango, yasije yakamtoka yakaangukia kwenye gunia la bizari.

Sasa hebu nikuulize. Nimesikia ulipiga simu dukani kwa Zein ukaongea na Ma Noor robo saa nzima, na habari yenyewe ni mabaka yangu. Ni nani aliyekwambia? Mabaka haya ninayo miaka kumi na mmoja. Yalianza begani kama choa, yakawasha, yakashuka mgongoni. Nimeyapaka habasoda, nimeyapaka kiberiti na ndimu, nimeyanywea kombe la aya. Yalinyamaza lakini hayakuhama. Mwezi wa kwanza daktari akanikata kipande cha ngozi kama mshikaki, kikapelekwa Nairobi kuangaliwa. Majibu yalirudi ndani ya bahasha. Ma Noor akenda kuichukua yeye, akarudi akasema, "Si kitu."

Tangu siku hiyo nalishwa kidari cha kuku. Badria, nimemuoa mwanamke huyu miaka thelathini na tisa, na kidari nyumbani kwetu ni cha wageni. Mimi nimekuwa mgeni lini? Juzi nalimwaga chai makusudi kwenye mkeka mpya, kumjaribu. Akasema, "Haidhuru, mume wangu." Wallahi naliogopa.

Darasa la tatu sikulimaliza, lakini miaka ishirini na minane naliendesha winchi pale Kilindini, na mzigo nalikuwa siujui kwa maandishi ya kasha. Naliujua kwa kamba inavyolia. Na kamba ya nyumba hii inalia.

Wewe kazi yako huko ni kupiga picha ngozi za watu. Niambie, mwanificha nini?

Ami yako,
Abdulhadi


Hamburg, Ujerumani
2 Aprili 1996

Kwa mpendwa ami yangu Abdulhadi,

Nakupa mkono wa heshima na kukubusu kichwa. Mimi sijambo. Tulidhani theluji imekwisha, juzi ikarudi. Bibi mwenye nyumba ninayokaa analalamika kwamba pilipili yangu inamliza akiwa ghorofa ya juu. Nimefaulu mtihani wa pili, alhamdulillahi, na sasa wananiachia mashine peke yangu.

Kuhusu kidari, labda Ma Noor amekuonea huruma ya uzee. Tafadhali usimwagie tena mkeka wake.

Kuhusu mabaka: si choa. Ni ugonjwa wa ngozi wa kukaa sana, unaotaka kufuatwa kwa karibu. Nataka ukapigwe picha ya ultrasaundi. Ndiyo, ami, ile ile ya waja wazito. Hapa tuna mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya ngozi tu. Hapo haipo, ila ya kawaida yenye kichwa kidogo itafaa kwa baka lililonenepa, na kwa tezi. Mashine hupeleka sauti ambayo sikio halisikii, sauti ikagonga ndani ya mwili na kurudi. Kwa namna inavyorudi, tunajua baka ni nene kiasi gani na limeshuka hadi wapi. Haiumi wala haichomi.

Nimetia humu karatasi ya maelezo, mpe atakayekupiga picha. Ninachokuomba ni kimoja: mabaka yote, ami. Na tezi za shingoni, kwapani na kinenani. Yote, usichague. Kisha nitumie picha kwa posta.

Msalimie Ma Noor. Nakuombea afya.

Mwanao,
Badria


Kibokoni
18 Mei 1996

Kwa mwanangu Badria, fundi wa mashine,

Salamu za mvua, maana tangu wiki iliyopita twatembea na viatu mkononi. Hongera ya mtihani. Ma Noor hajambo, mgongo wake ndio una jambo. Meno ya Zein yamemtoka mara moja, mbele ya mteja, na mteja akapunguziwa bei ili asiseme. Amesema.

Barua yako imechukua wiki nne. Na bahasha ilikuwa na gundi mbili: moja ya Wajerumani, ya pili ya unga wa ngano wa jikoni kwangu. Sisemi kitu. Nasema tu kwamba gundi ya unga naijua.

Nimekwenda. Ni kliniki moja karibu na Mwembe Tayari. Nalikalishwa kwenye benchi na waja wazito saba, mimi wa nane. Mmoja, Mbeyu jina lake, tumbo limefika magotini, akaniuliza, "Baba, umemsindikiza nani?"

"Nimejisindikiza mwenyewe, mwanangu."

"Kwani wewe una nini?"

"Bado hatujajua. Wazee wataka wa kiume."

Benchi lote likacheka, mmoja akashika nyonga akalia, "Mzee nyamaza, utanizalisha hapa hapa!" Kwa hivyo usidhani nalikwenda kwa uoga. Nalikwenda kama bwana harusi.

Mpiga picha ni msichana wa bara, Winnie, mpole, kucha fupi. Akanipaka mafuta mazito ya baridi kama mlenda wa bamia, akachukua kidude mfano wa pasi ndogo, akanipiga pasi bega, mgongo, shingo na makwapa. Kwenye kioo ni kama televisheni iliyoangukiwa na eriali: mchele mchele wa kijivu. Lakini chini ya baka la begani naliona utepe mweusi, mwembamba, kama pindo la kanzu.

Nikamwuliza, "Ni mvulana?" Akacheka. Kisha akaacha kucheka, akawa yuwaweka alama mbili za msalaba juu ya ule utepe.

"Wapima nini, wataka kunishonea nguo?"

"Napima tu, mzee."

Badria, ni hilo neno "tu" lililonitia shaka. Mtu asiye na la kuficha hupima, hapimi tu.

Basi picha ni saba, zimo humu. Zimepigwa zote za kupigwa. Na jambo moja: Zein yuwasema Wazungu huchukua picha za ngozi za watu weusi wakazitia vitabuni. Kweli? Isiwe ami yako yuwasomwa huko na mimi sijui.

Ami yako,
Abdulhadi


Hamburg
20 Juni 1996

Kwa ami yangu mpendwa,

Nakupa mkono. Natumai mvua imepungua na mgongo wa Ma Noor umepoa. Hapa jua halitui mpaka saa nne za usiku, na watu wanalala uchi bustanini. Nikiwaambia watu wa Kibokoni hawataamini.

Picha saba zimefika salama. Utepe mweusi ulioona ndio ugonjwa wenyewe ulipotanda chini ya uso wa ngozi. Begani haufiki hata milimita moja. Mgongoni vivyo hivyo. Tezi za shingo na kwapa ni nzuri. Nilifurahi nikataka kukupigia simu.

Kisha nikageuza picha ya saba. Nyuma yake Winnie ameandika: "Mgonjwa amekataa kufungua kikoi. Kinena hakikuangaliwa."

Hili hukuniandikia. Uliniandikia ya benchi.

Ami, ugonjwa huu hupenda kujificha mahali ambapo jua halifiki, na mahali hapo aghalabu ni pale panapofunikwa na kikoi. Kutazama bega peke yake ni kupiga hodi nyumba ya jirani. Nakuuliza kwa heshima yote, kama mtu wa kazi hii na si kama mtoto wako: kuanzia kitovuni hadi magotini, kuna nini? Baka? Uvimbe? Mtoki wa tezi? Niandikie ndiyo au hapana.

Zein hakukosea kabisa. Mwalimu wangu ameomba kuwaonyesha wanafunzi picha zako. Nimemwambia hazionyeshwi mpaka nikuulize.

Mwanao,
Badria


Kibokoni
14 Agosti 1996

Kwa Badria, mpelelezi,

Salamu. Nimechelewa kujibu, na posta haina kosa. Huku hakuna jipya. Watoto wa paka wamekua wezi. Zein amerudi kucheka bila meno, yuwasema ni salama zaidi. Nyumba ya nyuma yetu wamezozania maji wiki mbili, kisha wameposana. Mimi sijambo. Barazani siku hizi nakaa upande upande, nao wasema nimeingia maringo ya uzeeni. Msikitini nasalia kwenye kiti, kwa ajili ya goti. Na vikoi vyangu nafua mwenyewe, maana mgongo wa Ma Noor si wa kuinamia beseni. Mume mwema, umeona?

Sasa tuingie kwako. Mtoto niliyemfunga kamba za viatu yuwaniuliza habari za kinena changu! Tena kwa barua, iliyopita mkononi mwa mtu wa posta wa Ujerumani, na mkononi mwa Noor na gundi yake ya unga! Kuanzia kitovu hadi goti ni kwangu na Mola wangu, na Noor kwa miaka ile aliyokuwa na hamu. Wewe umesoma chuo cha Kurani, hukumu ya uchi wa mtu huijui? Huyo Winnie aliponiambia nifungue, nalimjibu kwamba mgeni wa mwisho kunifungua kikoi alikuwa ngariba, na yeye aliondoka na kitu.

Na sasa sikiliza, nami nipeleleze. Nyumba hii ikiwa na minong'ono nami nikatokea, watu huanza kusifu hali ya hewa. Shemeji zangu ambao hawajakanyaga hapa tangu matanga ya babako wamekuja mara tatu, wakaniangalia kama watu wapimao kaburi. Ile bahasha ya Nairobi imo sandukuni kwa Noor, na ufunguo yuwalala nao. Na wewe nawe umeniandikia barua mbili ndefu, umeita jambo hili "ugonjwa wa ngozi wa kukaa sana". Hata kinyonga ana ngozi ya kukaa sana. Jina lake nani? Kila ugonjwa una jina, hata mafua.

Wewe wataka ndiyo au hapana. Mimi nataka jina. Nipe nikupe. Na barua hiyo usiitume kwangu. Niandikie kwa sanduku la posta la Zein, yeye hana unga dukani.

Abdulhadi


Hamburg
9 Septemba 1996

Kwa ami yangu mpendwa Abdulhadi,

Nakupa mkono wa heshima, nakubusu kichwa na mikono. Natumai barua hii imekufikia kwa Zein bila kufunguliwa. Hapa majani yameanza kugeuka rangi. Nimehama chumba, huyu bibi mpya hana pua, kwa hiyo napika nitakavyo. Juzi nimepika pilau. Jana mvua. Leo pia mvua.

Ami, nimeandika mvua mara mbili kwa sababu nauogopa mstari unaofuata.

Jina lake ni limfoma ya ngozi. Ni saratani. Zile chembe nyeupe za damu, askari wa mwili, zimeasi, zikaacha kulinda zikahamia kwenye ngozi. Si ya kuua kesho. Wengi huishi nayo miaka mingi ikiwa bado iko juu juu. Ikishuka chini, au ikiingia kwenye tezi, habari hubadilika na dawa hubadilika. Ndiyo sababu nataka picha, na ndiyo sababu saba hazitoshi. Ma Noor ameniapisha nisikwambie. Anaogopa ukijua utaacha kula. Nimevunja kiapo, na nitamwambia mwenyewe.

Sasa nina langu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili baba alipokufa. Tuliambiwa ni tumbo. Nilipokuja likizo mwaka jana Ma Noor alinieleza kwamba ilikuwa ngiri iliyojinyonga, kwamba baba hakukubali kumvulia daktari nguo, na kwamba kulikuwa na mtu mmoja tu aliyeonyeshwa tangu siku ya kwanza. Mtu huyo alikaa kimya siku tatu. Nimekuandikia barua nyingi tangu wakati huo na sijakuuliza. Leo nakuuliza. Sikwambii kwamba sina uchungu. Ninao.

Pale kliniki yuko mpiga picha mwanamume, Kahindi, hufanya kazi Jumatano asubuhi. Tulisoma naye. Nimemwandikia. Ana watoto wanne na hashangazwi na kitu.

Nimekupa jina. Nipe jibu.

Badria


Kibokoni
3 Novemba 1996

Badria,

Ndiyo.

Mabaka mawili, uvimbe mmoja kwenye tako la kushoto unaotoa damu, na mitoki miwili. Tangu mwaka jana, baada ya Ramadhani.

Na la babako pia ni ndiyo. Alinionyesha adhuhuri, chooni, mlango umefungwa. Akasema, "Usimwambie mtu, ndugu yangu, nitaitazama vipi dunia?" Nami kwa ujinga wangu nikaona kunyamaza ndiyo kumsitiri. Siku ya tatu nalimbeba mgongoni hadi barabara ya magari, naye yuwaniambia nisimtikise. Sina la kujitetea. Nalifanya mzaha miaka kumi na minane ili mtu asipate nafasi ya kuniuliza, na wewe umeipata. Pale kwa Winnie nalishikilia kikoi kwa mikono miwili, na nalijua ni mikono ya babako ile.

Barua yako naliisoma nimesimama kati ya magunia ya Zein. Nikarudi nyumbani nikamwambia Noor, "Leta bahasha."

"Bahasha gani?"

"Ya kidari."

Akaketi. Nikadhani atalia. Akasema, "Nawe leta kikoi."

"Kikoi gani?"

"Unachofua mwenyewe na kukianika darini nyuma ya tangi la maji, kana kwamba mimi sina macho. Doa lile si la kunguni, Abdulhadi. Nimekungoja uniambie tangu mwezi wa tano."

Kumbe nyumba ilikuwa na wapelelezi wawili na kila mmoja ndiye mwizi. Nikampa kikoi, akanipa bahasha. Kisha akalia yeye, na mimi nikasema macho yangu yana vumbi la bizari.

Jumatano tulikwenda pamoja. Kahindi akamwambia, "Mama, ungengoja pale nje." Noor akamjibu, "Mwanangu, hapa mgeni ni wewe," akavuta kiti. Kijana ni mtu. Alinifunika shuka, akawa yuwafunua mahali pa kiganja kimoja, anapiga, anafunika, ndipo anafunua pengine, kama muuza halwa asiyetaka nzi. Hakuniambia "tu" hata mara moja. Alinigeuzia kioo nione mwenyewe. Chini ya ule uvimbe hakuna utepe, Badria. Ni shimo jeusi, limekwenda chini mpaka kwenye mafuta. Mitoki nayo: mmoja mrefu kama kunde, una kiini cheupe katikati. Akasema, "Huu una umbo lake, hauna neno." Wa pili mviringo, mweusi wote, hauna kiini. Akarudia kuupima, akasema, "Huu siupendi, mzee. Lazima utiwe sindano, uvutwe chembe zikapimwe." Noor akajaribu mzaha, akauliza dua auombee mtoki au amwombee mwenye mtoki. Hakuna aliyecheka, hata yeye.

Sindano wametia. Majibu yamekuja juzi, nikayafungua mimi, mezani, Noor akiwa kando. Ugonjwa umefika kwenye ule mtoki mmoja. Mwingine safi. Nalimngoja daktari aseme kwamba ningekuja mwezi wa tano ingekuwa vingine. Hakusema. Yuwaandika tu, kichwa chini. Nikasema mwenyewe, kwa sauti, ili liwe limesemwa. Akaniambia dawa ipo, ya mshipani, Nairobi, na kwamba atakayenijibu kama itafaa si yeye, ni miezi minne ijayo. Jumatatu twapanda basi Mwembe Tayari, mimi na Noor. Tutafikia kwa mpwa wake.

Picha mpya ni kumi na moja, zimo humu, na hakuna hata moja iliyobaki nyuma. Mwalimu wako awaonyeshe wanafunzi wake zote. Mwenye haya na ageuke.

Nakuomba jambo. Ukinijibu, anza na ugonjwa. Niambie kile ukionacho kwenye huo mtoki mweusi, kama unavyomwambia Mjerumani. Mvua na pilau ziandike chini. Nazipenda, wala usiziache. Nikiwa na nguvu za kufika huko nitazisoma, na nisipokuwa nazo atanisomea Noor.

Ami yako,
Abdulhadi